Sura ya Saba: Mawe ya Mvua, Majani Mabichi na Sotet

Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Hesabu inayotajwa sana katika vitabu vya hali ya hewa ni siku 132 kwa mwaka katika ukanda wa chai unaotoka Kericho hadi milima ya Nandi. Mkulima wa Litein au Mogogosiek hahitaji kitabu kumwambia hivyo. Anajua kwamba robo saa ya mawe inatosha kuchanachana machipukizi yaliyokuwa yachumwe kesho yake, na kwamba baada ya hapo kikapu kitakaa kitupu mpaka michai ichipue upya.

Katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa waliamua kupambana na wingu lenyewe. Walirusha roketi za baruti zipasuke angani, kisha zikaja ndege zilizopita chini ya mawingu zikifukiza iodidi ya fedha. Wazo lilikuwa kwamba wingu likipewa chembe nyingi za kuanzishia barafu, maji yake yatagawanyika katika mawe mengi madogo badala ya machache makubwa, na hayo madogo yatayeyuka kabla ya kufika chini.

Mwanasayansi Russell Schnell alikuja na swali lililotangulia hilo: chembe za asili za kuanzishia barafu zinatoka wapi? Matone ya maji safi hayagandi papo hapo yakifika nyuzi sifuri. Huko juu yanaweza kushuka hadi nyuzi 10, 20, hata 30 chini ya sifuri yakiwa bado maji, mpaka yakutane na kitu cha kuanzia. Mwaka 1972 Schnell na Gabor Vali wa Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba majani yanayooza yana chembe zinazogandisha maji nyuzi chache tu chini ya sifuri. Baadaye ikabainika kwamba kazi hiyo hufanywa na bakteria, hasa yule aitwaye Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya mimea. Kericho, Schnell alitazama chini ya michai, kwenye majani makavu yaliyorundikana na kuoza, akayakusanya na kuyapima. Mwaka 1982, pamoja na S. Tan-Schnell, alitoa makala iliyotaja takataka za majani ya chai ya Kenya kuwa chanzo cha chembe za barafu. Maelezo yake ni kwamba wachumaji wanaopita kati ya mistari mchana kutwa hutibua vumbi la majani hayo kwa miguu yao, hewa yenye joto ikalipandisha, na huko mawinguni likawa mwanzo wa mawe. Mjadala haukufungwa hapo. Milima, Ziwa Victoria na pepo zinazokutana juu ya nyanda hizi zina sehemu yake, na huenda ndiyo kubwa zaidi. Lakini swali liliulizwa hapa, na jibu likatafutwa hapa, kwenye udongo huu.

Kinachoniuma ni kwamba mama mchumaji, ambaye miguu yake imeingia katika makala ya kisayansi, ana mtoto shuleni, na mtoto huyo amefundishwa mvua ya mawe kwa mstari mmoja wa daftari. Anaunakili, anaukariri, anapata alama yake. Mawe yenyewe yametapakaa nje ya mlango wa darasa na hakuna aliyemwambia ayaokote.

Programu ya sayansi ya vitendo kwa watoto na familia katika nchi ya chai haianzi na jengo wala sanduku la vifaa kutoka Nairobi. Inaanza kwa kukubali kwamba vitu vya kuchunguza viko nyumbani, na kwamba mzazi ndiye mwenye nusu ya maarifa yanayotakiwa.

Basi jiwe la mvua. Radi zikishanyamaza kabisa (na hapa hakuna mjadala, maana radi za nyanda hizi huua), mtoto atoke na bakuli lililowekwa mahali pa baridi, aokote mawe makubwa matano au sita. Mama achovye kisu katika maji ya moto, akipanguse, alikate jiwe moja kati kwa kati. Kisu cha moto hupenya bila kulipasua. Ndani mtaona miduara, mmoja mweupe, unaofuata angavu, kisha mweupe tena. Palipo peupe pamejaa viputo vidogo vya hewa: maji yaliganda upesi mno, hewa ikakosa njia ya kutoka. Palipo angavu maji yaliganda polepole na hewa ikapata muda wa kutoroka. Kwa hiyo jiwe lile limepita katika sehemu mbalimbali za wingu, nyingine zenye maji mengi, nyingine machache, likirushwa na upepo unaopanda, likikua tabaka juu ya tabaka mpaka likawa zito kuliko upepo unavyoweza kubeba. Mtoto ahesabu miduara, aichore, apime upana kwa rula. Mawe yaliyobaki yayeyushwe ndani ya sahani nyeupe, maji yaachwe yakauke, na mtazame kilichosalia. Mara nyingi ni vumbi. Vumbi hilo limetoka wapi?

Hapo zamu ni ya mzazi. Mtu aliyechuma chai miaka ishirini anajua wingu la mawe linatokea upande gani, linapendelea saa ngapi za alasiri, linakuwa na rangi gani kabla halijapasuka, na ni ukingo upi wa kijiji unaopigwa huku wa pili ukinusurika. Mtoto ayaandike hayo kama dhana za kupimwa: "Baba anasema mawe hutoka upande wa Mau." Kisha kila mvua ya mawe inayofuata wanaandika tarehe, saa, upande, ukubwa wa jiwe kubwa zaidi. Baada ya msimu mmoja wataweza kukaa mezani na kuona kama baba alisema kweli. Wakimkuta amekosea mahali, hana cha kuona haya. Hivyo ndivyo Schnell na wenzake nao walivyofanya kazi yao.

Wazo la kumpa mtoto kitu chenyewe mkononi si geni Kenya, na ninasikitika kwamba tunalizungumzia kila mara kama jambo lililozaliwa jana. Kuanzia mwaka 1965 walimu na wanasayansi wa nchi kadhaa za Afrika, wakishirikiana na taasisi ya Education Development Center ya Massachusetts, waliandaa mradi wa sayansi kwa shule za msingi ulioitwa African Primary Science Program. Kenya ilikuwemo. Vijitabu vyake vilihusu mchanga, mbegu, rangi, maji, mbu. Kimojawapo kilihusu yule mdudu anayechimba vishimo vya mchanga kutega sisimizi, na kichwa chake kilimtaka mtoto amuulize mdudu mwenyewe.

Eleanor Duckworth, aliyekuwa amesoma kwa Jean Piaget, alipewa kazi ya kutathmini mradi huo nchini Kenya. Hakutunga mtihani wa karatasi. Alipanga vitu chumbani, akawaingiza watoto kundi moja moja, akawaambia wavitumie wapendavyo, naye akawa anaandika wanachofanya. Watoto waliopitia mradi walikuwa na mawazo mengi zaidi ya kujaribu kuliko wenzao wasioupitia, na walikaa na wazo moja muda mrefu zaidi kabla ya kuliacha. Nadhani hicho ndicho kipimo bora cha elimu ya sayansi nilichowahi kukisoma. Hakikuangalia mtoto anakumbuka nini. Kiliangalia atafanya nini akiachiwa kamba, kopo na dakika arubaini.

Mradi ule ulififia. Mitihani ya kitaifa ilikuwa inapima mambo mengine, na mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani anafundisha kinachopimwa. Miaka ya baadaye, kuanzia 1998, serikali ya Kenya na shirika la Japani la JICA walianzisha mpango wa SMASSE wa kuwapa walimu wa sekondari mafunzo ya hisabati na sayansi, ukisisitiza vitendo na kubuni vifaa kutokana na vitu vinavyopatikana. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha CEMASTEA kule Karen. Ulikuwa mpango mzuri, lakini ulianzia kwa mwalimu na kuishia kwa mwalimu. Mama hakuitwa.

Mtaala wa Umilisi, ambao wengi tunauita CBC, ulipoanza kote nchini Januari 2019, ulimwita. Kumshirikisha mzazi kumeandikwa ndani yake kama mmoja wa misingi. Tatizo ni jinsi mwaliko ulivyofika nyumbani. Katika nyumba nyingi ulifika saa mbili usiku, mtoto amekwisha kuvua sare, anakumbuka kwamba kesho anatakiwa na karatasi ya manila, gundi, na picha za rangi zilizochapwa kutoka intaneti. Mzazi anayelipwa kwa kilo za majani aliyochuma akajikuta anapanga foleni kwenye saiba kuchapisha picha ya kipimamvua, ilhali chupa tupu ya plastiki ya kutengenezea kipimamvua iko chini ya kitanda. Sishangai kwamba wazazi walilalamika. Waliitwa kama watu wa kutoa pesa, na wao wana mambo mengi ya kutoa ambayo si pesa.

Kwa hiyo nikiulizwa programu ya familia Bomet au Kericho ifanane na nini, jibu langu la kwanza ni mizani. Katika nchi ya chai kila mtoto anajua kilo kabla ya kujua kuandika jina lake. Amesimama kwenye kituo cha kukusanyia majani, amemsikia karani akitaja uzito, ameona risiti ikichapwa, amesikia mama akinung'unika njia nzima kwamba mfuko ulikuwa mzito kuliko ilivyoandikwa. Huyo mtoto tayari ana hamu ya kujua uzito ni nini. Mpe ufito ulionyooka, kamba katikati, vifuniko viwili vya ndoo vilivyoning'inizwa kila upande, na pakiti ya sukari ya nusu kilo isiyofunguliwa. Hiyo ni mizani, na mtoto akiijaribu atagundua mwenyewe kwamba kamba ikisogea upana wa kidole, mizani inadanganya.

Kisha wapime majani mabichi, nusu kilo kamili, majani mawili na chipukizi kama kiwanda kinavyotaka. Wayatandaze juu ya gunia safi kwenye hewa, na baadaye wayakaushe kabisa juu ya jiko lenye moto hafifu. Wayapime tena. Itabaki gramu mia moja na kitu, kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya jani bichi ni maji. Ndiyo sababu kiwanda huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai. Mzazi ambaye amekuwa akijiuliza kwa nini bei ya chai mnadani Mombasa na malipo ya kilo yake hapa kijijini haviko karibu, sasa ana sehemu moja ya jibu mikononi, na mtoto wake ndiye aliyeipima. Sehemu nyingine za jibu si za sayansi, na hizo nazo ana haki ya kuziuliza.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahitaji konzi tatu za majani mabichi. Konzi ya kwanza iachwe kama ilivyo. Ya pili ifikichwe kwa viganja mpaka itoe maji, iwekwe kwenye sahani. Ya tatu itumbukizwe kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, itolewe, nayo ifikichwe. Subirini saa moja au mbili. Konzi ya kwanza bado ni kijani. Ya pili imegeuka rangi ya shaba, na harufu yake si ya majani tena, mtoto ataishika puani na kusema, "Mama, hii ni chai!" Ya tatu, ingawa imefikichwa sawasawa na ya pili, imebaki kijani.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya jani, vimeng'enya na kemikali zinazolipa jani ukali wake hukaa katika vyumba tofauti vya seli. Ukilifikicha, kuta zinavunjika, vinakutana, oksijeni ya hewani inaingia, na rangi na ladha mpya zinazaliwa. Mashine za kiwandani zinazosaga, kurarua na kukunja jani hufanya kazi hiyo kwa tani nyingi. Maji ya moto yaliharibu vimeng'enya vya konzi ya tatu kabla havijapata nafasi, na hiyo ndiyo chai ya kijani inayouzwa ghali kwenye maduka makubwa. Familia imetengeneza chai ya aina mbili kutoka mchai mmoja kabla ya giza kuingia. Nimeona watu wazima, waliochuma chai tangu ujana wao, wakigeuza sahani zile mara tatu nne, maana hawakuwahi kuulizwa wafuate jani baada ya lori la kiwanda kuondoka nalo.

Endeleeni na kikombe. Chai ya rangi, bila maziwa, igawanywe katika vikombe vitatu. Kimoja kitiwe matone ya limau, kingine chembe za magadi, cha tatu kiachwe. Chenye limau kitakuwa chepesi mara moja. Chenye magadi kitakolea weusi. Chai inapima asidi, na mtoto ana kiashiria cha maabara bila kununua kitu. Anayeweza kupata majani ya chai ya zambarau, ile aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa Kericho hapa hapa, ataona mabadiliko makali zaidi, kwa sababu rangi ile ya zambarau hubadilika kwa asidi na kwa magadi. Taasisi ya utafiti wa chai iko Kericho tangu mwaka 1951. Mtoto wa kijiji cha jirani ajue kwamba ndani ya ua ule watu hulipwa mshahara kufanya jambo lilelile analofanya yeye na vikombe vya mama yake.

Kutoka kwenye chai twende kwenye maziwa, na hapa mwalimu ni nyanya. Katika nyumba ya Kipsigis anayejua mursik, maziwa ya kuganda yanayowekwa katika kibuyu kiitwacho sotet, vizuri zaidi mara nyingi ni kogo, yaani nyanya, na sioni sababu kwa nini kikao cha sayansi kisifanyike jikoni kwake. Mtoto aingie kwa adabu, asalimie, akae, aulize.

"Chamgei, kogo. Mbona sotet huioshi kwa sabuni?"

"Chamgei, mjukuu wangu. Sabuni ikiingia humo, maziwa yatakataa. Mimi nasugua kwa sosiot na maji, naanika, halafu natia mkaa wa senetwet."

"Na ukitumia chupa mpya?"

"Itachukua siku nyingi. Sotet ya zamani inajua kazi yake."

Kila jibu la kogo ni dhana nzuri ya kisayansi. Sotet ya zamani inajua kazi kwa sababu bakteria wanaotengeneza asidi ya maziwa wamekaa katika vitundu vidogo vya kibuyu, na maziwa mapya yakimiminwa wanaanza mara moja. Sabuni huharibu makazi yao na kuacha harufu. Mkaa wa senetwet, mti ambao wanasayansi huuita Senna didymobotrya, hupaka kuta za kibuyu na kuyapa maziwa rangi yake ya kijivu na ladha yake. Asidi ikizidi, protini za maziwa hushikana na maziwa huganda. Ni tofauti kabisa na lile jani la chai lililogeuka rangi kwenye sahani: kule hakuna kiumbe hai aliyefanya kazi, ni vimeng'enya vya jani lenyewe na hewa. Hapa kuna mamilioni ya viumbe. Mtoto anaweza kuthibitisha kwa vyombo viwili vidogo vya maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, kimoja kikitiwa kijiko cha mursik ya juzi, kingine kisitiwe kitu, vyote vikafunikwa na kuwekwa karibu na meko. Kila asubuhi aonyeshe kogo vimefikia wapi, na chombo kisichotiwa mursik kisionjwe na mtu. Kogo naye ataeleza jambo ambalo mtoto hakuliona, kwa mfano kwamba msimu wa baridi wa Julai kila kitu huchelewa. Joto na kasi ya bakteria: somo la sekondari, limetoka kwa mtu ambaye huenda hakukanyaga darasa.

Frank Oppenheimer, mwanafizikia aliyeanzisha jumba la Exploratorium huko San Francisco mwaka 1969, ambako watu wazima na watoto hugusa kila kitu, hakujifunzia ualimu wake mjini. Alilazimishwa kuacha chuo kikuu mwaka 1949 kwa sababu za siasa, akaenda kufuga ng'ombe milimani Colorado, karibu na mji mdogo wa Pagosa Springs. Baada ya miaka kadhaa akaanza kufundisha katika sekondari ya hapo. Aliwapeleka wanafunzi kwenye jaa la magari mabovu kutafuta vyuma, nyaya na injini za kujifunzia, na wanafunzi hao wa vijijini wakaanza kushinda kwenye maonyesho ya sayansi ya jimbo. Watu hulisifu jumba lake. Mimi navutiwa zaidi na lile jaa, kwa kuwa Bomet na Kericho zina majaa, gereji, vitalu vya chai na posho mill kila mahali, na hakuna anayehitaji kungoja jumba.

Maonyesho ya aina hiyo Kenya inayo. Wanafunzi wa sekondari hushindana katika Kenya Science and Engineering Fair kuanzia ngazi za chini hadi taifa, na tangu 2018 kuna pia Young Scientists Kenya, yaliyoundwa kwa kufuata mfano wa Ireland. Nayaheshimu. Lakini mtoto hafiki huko akiwa na miaka kumi na sita kama akiwa na miaka minane hakukata jiwe la mvua. Na lazima niseme jambo kuhusu watoto wanaokaa katika nyumba za wafanyakazi ndani ya mashamba makubwa. Mama anatoka kabla jua halijachomoza, anarudi mikono imechoka na mgongo umekaza. Ukimwambia Jumanne jioni akae na mtoto kupima asidi, umemtukana. Kwa familia hizo kikao kinafaa Jumapili baada ya kanisa, uwanjani palepale, saa moja tu, na vitu vya jaribio viwe vimeletwa na waandaaji. Asiyezingatia saa za kazi za mchumaji ataishia na programu ya watoto wa walimu na wenye maduka peke yao.

Nimebakiza kipimajoto na kipimamvua, ambavyo ninaviona muhimu kuliko vyote, na sababu yake ni mjadala wa malaria. Mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa na hospitali zilizoweka kumbukumbu za wagonjwa kwa miongo mingi, na kwa sababu hiyo wanasayansi wa dunia walizitumia kuuliza kama malaria imepanda nyanda za juu kwa sababu hali ya hewa imepata joto. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walisema katika jarida la Nature kwamba takwimu hazionyeshi ongezeko la joto. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakasema linaonekana. Ubishi ulikuwa mkali, na sehemu yake ilitokana na kwamba takwimu nyingi zilikuwa makadirio ya maeneo mapana. Mwaka 2011 Judy Omumbo na wenzake walirudi kwenye kituo kimoja cha hali ya hewa, cha Kericho, wakachukua vipimo vya kila siku vya miaka 1979 hadi 2009, wakavikagua kwa makini. Walipata kwamba joto limeongezeka kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi kila miaka kumi. Mtu fulani alikuwa ametoka nje kila siku, mvua au jua, akasoma kipimajoto na kuandika namba. Bila namba zile, wasomi wangeendelea kubishana juu ya makadirio.

Kuna mpango uitwao TAHMO, uliobuniwa na Nick van de Giesen wa Uholanzi na John Selker wa Marekani, unaoweka vituo vidogo vya hali ya hewa barani Afrika, vingi vikiwa kwenye viwanja vya shule, Kenya ikiwemo. Shule iliyopata kituo hicho ina bahati. Isiyopata inaweza kutengeneza kipimamvua leo: chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kichwa kikatwe na kugeuzwa kuwa faneli, chini kujazwe kokoto na maji mpaka mstari wa sifuri, utepe wenye milimita ubandikwe ubavuni. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita mraba. Nyumba yenye paa la mabati la mita tano kwa nane ina mita mraba 40. Mvua ya milimita 25, ambayo hapa si kubwa, ni lita 1,000 kutoka paa hilo kwa alasiri moja. Familia inayofikiria kununua tangi itataka sana kuiona hesabu hiyo, na ni mtoto wa Gredi ya Tano atakayeifanya.

Sasa angalieni kalenda. Muhula wa kwanza hufungwa mapema Aprili, na Aprili ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi Kericho na Bomet. Kipimamvua cha shule husimama bila msomaji wiki zilezile ambazo kina mengi zaidi ya kusema, na daftari la darasa hubaki na pengo kila mwaka pale pale. Agosti, ambayo nayo ina mvua hapa, pengo hurudi. Hakuna mwalimu atakayeziba pengo hilo, anakwenda kwao. Kwa hiyo siku ya kufunga shule kipimamvua kihamie kwenye ua wa familia inayokaa karibu, mahali pa wazi mbali na miti na paa. Kisomwe saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma vyao. Mtoto akiwa ametumwa dukani au yuko na ng'ombe, kogo asome. Kama hasomi tarakimu, atie alama ya penseli kwenye utepe, na mjukuu aipime kwa rula akirudi, aandike, ndipo maji yamwagwe. Muhula wa pili ukianza darasa litakuwa na Aprili isiyo na pengo, na mwalimu anaweza kuomba namba za kituo cha Kericho azilinganishe nazo.